Simu ya Kimya pa Kamalondo

Treni iliyonileta Lubumbashi iliondoka Kalemie na kichwa kimoja ikafika na kingine. Cha kwanza kilikufa porini, mbele ya Kabalo, baada ya mabehewa mawili kuacha reli. Cha pili kililetwa kutoka Kamina siku nyingi baadaye, kikihema kama mgonjwa wa pumu. Katikati ya vichwa hivyo viwili tuliishi kando ya reli. Akina mama walishusha mbabula zao, majiko yale ya makala, wakapika. Kinyozi akatundika kioo mlangoni mwa behewa. Wenye kusali walipata mahali pao na walevi mahali pao. Mtoto mmoja alizaliwa, akapewa jina la mkuu wa treni, na yule bwana akafurahi hata akasahau kwa muda kwamba abiria wote walikuwa wakimtukana.

Nilikuwa kijana, nina diploma ya sekondari, fani ya umeme, na nilikuwa nimekwisha kupita Uvira, Bujumbura na Kigoma bila kukaa popote hadi viatu vichakae. Sikuwa nakimbia kitu. Ni kwamba tu nikikaa mahali, baada ya muda naanza kusikia pengine pananiita. Safari hii nilikuwa naenda kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, mshonaji wa Kamalondo ambaye nilimwona mara moja tu nikiwa mdogo. Siku tulipoondoka nilimpigia simu: "Mama, nimepanda treni." Baada ya hapo hapakuwa na mtandao, na simu yangu ilizima.

Nilifika kwake saa ya chakula cha jioni, begi begani na vumbi hadi kwenye kope. Uani palikuwa na mabenchi ya kuazima. Ukutani palikuwa na matawi mabichi ya miti yameegemezwa, matawi yale yanayowekwa barabarani mbele ya nyumba yenye kilio ili magari yapunguze mwendo. Mwanaume mmoja mnene alikuwa amesimama katikati ya ua akipanga nani akalete turubai. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wao mama zangu, mfanyakazi wa tanuru la shaba. Aliponiona alidondosha kofia.

"Mungu wangu! Uko muntu ao uko muzimu?"

"Muulize kama eko na njaa," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani. "Muzimu hasikiaka njaa."

Mama mkubwa alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa mwembamba, na sindano mbili zimechomekwa kwenye kola. Hakunikumbatia kwanza. Alimgeukia huyo mdogo wake, aliyemwita Yaya, dada mkubwa.

"Nilikuambia nini?"

"Yaya, train haifike, simu hakuna, habari hakuna. Tungefanya nini?"

"Mungengoja. Habari hakuna, maana yake habari hakuna. Haiko habari ya kifo. Beba matawi yako."

Kisha akanishika mkono akaniingiza ndani. Mezani, mbali na sufuria ambayo wengine walikuwa wakipakulia, palikuwa na sahani mbili zimefunikwa na sahani nyingine juu. Alifunua moja: bukari, ule ugali wa huko, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mdogo.

"Kula. Iko inapoa."

Niliambiwa baadaye kwamba alinipakulia hivyo kila jioni tangu siku ambayo treni ilitakiwa kufika. Asubuhi sahani ililiwa na aliyeamka na njaa, na jioni ilipakuliwa nyingine.

"Na ile ingine?" niliuliza nikionyesha sahani ya pili.

"Iko ya mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mwanawe wa pekee. Miaka ya vita alivuka mpaka pale Sakania akaenda Zambia kutafuta kazi. Salamu moja ilifika kutoka Ndola kupitia mfanyabiashara wa mahindi, halafu hapakusikika kitu tena. Mjomba na ukoo mzima walikuwa wamekata shauri kwamba amekufa. Walitaka kilio kifanyike, watu walie, wale, waende zao, na chumba cha kijana kipate matumizi. Mama mkubwa alikataa. Hakusema kwamba mwanawe yu hai. Hilo sikumsikia akilisema hata mara moja. Alisema tu kwamba hajaambiwa.

Nilipewa chumba hicho. Shati lake lilikuwa bado msumarini.

"Chumba haiko yako," mama mkubwa aliniambia akinitandikia kitanda. "Unaichunga tu."

*

Kazi niliipata katikati ya mji, kwa tajiri mmoja mwenyeji wa Kivu ya Kaskazini aliyekuwa ameanza na jumla ya vitenge, akaongeza malori, kisha siku moja akaamua kuuza intaneti. Alikuwa na minara kadhaa: barabara ya Kipushi, barabara ya Likasi, Kasumbalesa, na wa mwisho juu ya kilima karibu na Sakania, unaotazama reli. Wateja wake walikuwa viwanda vya kuyeyusha shaba na mawakala wa mpakani. Kila asubuhi alitusimamisha tukasali kwanza, kisha ndipo tukawasha kompyuta.

"Umeme unajua?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Kiloko, patron." Kidogo tu, bosi.

"Kiloko iko mingi. Bengine hapa habajue hata iyo kiloko."

Kazi yangu ilikuwa kutazama skrini. Kwenye kila mnara palikuwa na kisanduku kidogo kilichopima vitu vya kawaida, yaani nguvu ya betri, dizeli, mazutu tunavyoiita, iliyobaki kwenye jenereta, na joto ndani ya kibanda, kikatuma vipimo hivyo kwetu kila baada ya dakika chache. Mambo yakiwa sawa, mnara ulikuwa kijani. Mazutu ikipungua au joto likizidi, ulikuwa mwekundu, na ujumbe ulikwenda kwenye simu ya fundi wetu, kijana wa Katuba aliyepanda minara kwa ndala na kuendesha gari la kampuni kwa viatu vya ngozi. Nilimpenda fundi yule tangu siku ya kwanza. Alikuwa anazungumza na gari lake, analibembeleza kwenye vilima, analitukana kwenye mteremko.

Kulikuwa pia na rangi ya tatu, kijivu. Hiyo ilikuwa ya mnara ambao haukuleta kipimo chochote. Enzi za neema, kijivu kilionekana mara chache, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua nacho. Ujumbe wake ulikwenda kwenye simu ileile ya fundi pamoja na mengine yote.

Halafu bei ya shaba ilianguka. Sijui iliangukia wapi huko duniani, lakini sisi tulisikia mshindo wake. Matanuru yalizimwa moja baada ya jingine, na barabara ya Likasi, ambayo malori yalikuwa yakiziba usiku na mchana, ikawa ya baiskeli za makala. Wenye viwanda wengine walipanda ndege wakaacha funguo kwa walinzi. Mjomba aliambiwa getini kwamba asivae tena kofia ya kazi; alirudi nayo mkononi. Umeme ulianza kugawiwa kwa zamu, na zamu yenyewe haikuheshimu saa. Kila mtaa ulipokatwa, minara yetu miwili mitatu ilinyamaza, na simu ya fundi ikalia. Ililia akiwa juu ya mlingoti, ikalia kanisani, ikalia siku ya posa ya dada yake. Mwishowe aliivika soksi.

"Iko inalia nini?" nilimuuliza.

"Kila kitu. Njo maana sisikie tena hata kimoja."

Patron aliniita. Alitaka mnara ukinyamaza uhesabiwe kijani. Mashine ilikuwa na mahali pa kuchagua hivyo, nikachagua. Simu ilitulia, sisi sote tukapumua. Ila mnara wa barabara ya Likasi ulikaa kijani safi, unapendeza kutazama, wakati betri zake zilikuwa zimekwisha kung'olewa na zinauzwa sokoni. Mteja ndiye aliyetujulisha. Patron akaniita tena. Safari hii alitaka kimya kihesabiwe chekundu. Nikageuza. Fundi akakimbia Kipushi, akakuta ni umeme wa mtaa tu. Akakimbia Kasumbalesa, umeme wa mtaa. Alirudi ofisini akaweka ufunguo wa gari juu ya meza yangu.

"Vieux, mzee wangu, wewe nenda. Mimi nitakaa hapa natazama rangi."

Jioni ile nilirudi Kamalondo kwa miguu. Sitasema kwamba niliona mwanga. Nilikuwa na njaa. Nilikaa nikamtazama mama mkubwa akipakua. Sufuria upande huu, na mbali kidogo, penye ukingo wa meza, ile sahani yake imefunikwa. Hakuitia kwenye sufuria kama ya mtu aliyeshiba, wala hakumpa mbwa kama ya mtu asiyekuwepo. Aliiweka peke yake. Nilikuwa nimeiona kila jioni na sikuwahi kuifikiria.

Kesho yake nilipekua mipangilio ya mashine hadi nikapata pa kuandika kwamba ujumbe wowote wa "hakuna data" usiende kwa fundi, uende namba nyingine. Fundi angebaki na mambo yaliyopimwa yakaonekana mabaya: mazutu imeisha, joto limezidi. Hayo yana kazi ya mikono. Kimya hakina kazi ya mikono mwanzoni. Kimya kinataka mtu wa kuuliza.

Lakini nani aulize? Patron alikuwa amekwisha kuwaaga wafanyakazi wengi. Fundi alikataa simu ya pili. "Nitaipatia wapi soksi?" Kwa hiyo nilikwenda na simu hiyo nyumbani, nikaiweka juu ya cherehani ya mama mkubwa, karibu na dirisha, mahali pekee ndani ya nyumba penye mtandao mzuri. Ilipolia mara ya kwanza nilikuwa naoga.

"Banasema Kasumbalesa haiseme kitu!" alipiga kelele.

"Mupigie sentinelle, Mama. Namba iko ndani. Muulize kama courant iko, na kama antene inasimama."

Nilimsikia kupitia ukuta wa bafu akizungumza na mlinzi wa mnara. Aliuliza nilivyomwambia, habari za umeme na mlingoti, kisha akaongeza: "Na weye, umekula?"

*

Ndivyo mama mkubwa alivyokuwa mtu wa kimya wa kampuni ya intaneti. Patron aliposikia alishika kichwa, kisha akafikiri, kisha akakubali, kwa sababu mama mkubwa alitaka malipo ya unités tu, yaani muda wa maongezi. Kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Umeme ukikatika Kipushi, alipiga simu, akaambiwa ni mtaa mzima, akaacha. Siku mlinzi wa barabara ya Likasi alipomwambia "Mama, mutaa iko na mwangaza, ni kwetu tu," alinijulisha, fundi akaenda na gari, akakuta waya umeliwa na panya. Gari lilianza kutoka pale tu lilipokuwa na sababu. Soksi ilivuliwa.

Wiki kadhaa baadaye kimya kikaanza kuongezeka. Jioni tu, kabla ya giza kuingia. Mnara wa Kipushi ulikuwa kijivu, ukarudi kijani. Baada yake Kasumbalesa, ukarudi. Baada yake Likasi. Haikutokea minara miwili ikanyamaza pamoja. Nilidhani ni joto. Nikadhani visanduku vimechoka, halafu nikadhani mashine imeingiwa na kirusi. Nilikaa ofisini hadi macho yakaniuma, nikitafuta ugonjwa unaosubiri zamu.

Fundi alikwenda Kipushi kuchungulia bila kutoa taarifa. Alirudi akicheka hata hakuweza kuketi.

"Nafika pale, nakuta papa mulinzi amekaa ku kiti. Amenyoa ndevu. Waya ya kisanduku iko mu mukono, anaangalia saa. Namuuliza: Papa, unafanya nini? Ananiambia: Nangoja Kasumbalesa amalize."

"Amalize nini?"

"Kusema na Mama!"

Walikuwa wamepangana. Walinzi wale hawakuwa wamepata mshahara tangu viwanda vifungwe. Walikaa peke yao chini ya chuma, hakuna bosi aliyewapigia, hakuna mteja aliyepita. Kisha wakagundua kwamba kisanduku kikinyamaza, mwanamke mmoja wa Kamalondo anapiga simu, anauliza kama umekula, anakumbuka jina la mtoto wako na kikohozi chake. Basi walichomoa waya. Kila mmoja kwa zamu yake, ili simu isikute mwingine anaongea.

Nilimpelekea patron habari nikijua atawafukuza. Alisikiliza mikono ikiwa imefungwa kifuani.

"Banachomoa waya yangu."

"Ndiyo, patron."

"Juu ya kusalimiwa."

"Ndiyo."

Alitazama dirishani, kule ambako lori lake la mwisho lilikuwa limekaa juu ya matofali. "Mimi sijabapigia hata mara moja," alisema. "Umuambie Mama asibaachilie. Lakini waya, hapana."

Mama mkubwa alipoelezwa alikasirika kidogo na kufurahi sana. Suluhisho alilitoa papo hapo, akiuma uzi kwa meno. Sisi wote pale mjini tulikuwa tunaishi kwa kubipu: unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajapokea, na hakuna anayelipa. Bip moja ni nimefika. Mbili ni nipigie. Aliwaamuru walinzi wambipu kila jioni. "Nikiona bip, najua muko. Nikikosa bip, mimi njo nitapiga. Na ule mwenye atachomoa waya tena, nitakuya kwake hapo na mukasi."

Hakuna aliyechomoa tena. Kimya kikarudi kuwa kimya.

*

Mlinzi mmoja tu hakuwahi kuchomoa waya: yule wa kilima cha Sakania. Alikuwa mtu wa aibu, zamani mbeba mizigo wa stesheni, anajibu kwa maneno mawili. Mama mkubwa alimpigia mwenyewe, bila kungoja kimya. Nilijua kwa nini. Kutoka kibandani mwake mlinzi yule aliona treni na watu wanaotoka Zambia na magunia yao.

"Baba, unanisikia? Eko na kovu juu ya jicho la kuume. Anachekaka mbele ya kusema. Uulize tu. Ukikosa, hakuna neno."

"Ndiyo, Mama," sauti ilijibu.

Wakati huo mjomba alikuwa amehamia uani kwetu. Nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, nyumba nayo ikaenda. Alikuja na mkewe na watoto na magodoro, wakalala sebuleni miguu ikifika mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliniazima blanketi lake siku nilipougua malaria, akalala na koti. Lakini kila asubuhi alipita mbele ya chumba nilichokuwa nachunga, akatazama shati lile msumarini, akaguna. Mwishowe aliita ukoo akasema mbele ya wote: kabla ya mvua za kwanza, kilio kifanyike, tumlie kijana kama Wakristo, padri asome misa, na chumba kiingie watoto walio hai.

"Yaya, tunakuheshimu," alisema. "Lakini utapakulia muzimu mpaka lini?"

Mama mkubwa aliendelea kukanyaga pedali ya cherehani. Alikuwa anashona sare za kwaya, rangi ya buluu. "Mpaka nitaambiwa," alisema.

Lakini usiku ule hakuimba wakati wa kufunga mlango kama kawaida yake, na kesho yake niliona sahani imefunikwa na ndani yake chakula ni kidogo kuliko siku zote. Nilimwogopea. Kama angekubali, ingekuwa kwa uchovu tu, na asingejisamehe.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa kusini. Jumapili moja, tukitoka misa, simu ya kimya ililia mara moja ikakata. Namba ilianza na tarakimu za Zambia. Mama mkubwa aliitazama akaitia kwenye fundo la kitenge. Jumapili iliyofuata, saa ileile, bip. Jioni yake mlinzi wa Sakania alizungumza maneno mengi kuliko niliyowahi kusikia kutoka kwake.

"Mama, miye siko na hakika. Nilibaambia bale ba train: mukimuona muntu wa kovu, mumupatie namba ya Mama, mumuambie abipu tu. Asiseme kitu kama eko na haya. Abipu tu. Sijue kama ni yeye."

"Asante, Baba. Umekula?"

Jumapili ya tatu ndiyo siku ukoo ulikutana kupanga kilio. Mjomba alikuwa amekwisha kukata matawi; yalikuwa ukutani mahali palepale nilipoyakuta ya kwangu. Mabenchi yaliazimwa kwa jirani yuleyule. Mama mkubwa alikaa kwenye kigoda chake, sare ya buluu mapajani, simu juu ya sare. Mjomba alikuwa katikati ya hotuba simu ilipolia.

Kila mtu pale mjini anajua kwamba bip haipokelewi. Ni kama kumvua mtu kofia. Lakini mjomba alikuwa amekatizwa, naye alikuwa mtu wa hotuba. Alinyakua simu akabonyeza.

"Allo! Nani huyu anatusumbua?"

Tulisikia sote, maana simu zile za bei rahisi zilipiga kelele kama redio. Kwanza kicheko kidogo. Kisha sauti ya mwanaume.

"Muyomba? Nasikia munataka kunizika. Mungojee kwanza, niko nakula."

Halafu ikakata, unités zilikuwa zimeisha.

Mjomba alishika simu mbele yake kana kwamba imemuuma. Mama mkubwa alisimama, akachukua tawi moja ukutani, akampiga nalo mgongoni.

"Umepokea bip ya mutoto! Umekula unités yake! Sasa ataongea na nini?"

Alimpiga tena na majani yakaruka, na mjomba, mtu mzima mwenye tumbo, alijikunyata akicheka na kulia pamoja: "Yaya, unisamehe! Yaya, alisema anakula!" Kisha mama mkubwa alikaa, akaufunika uso kwa sare ya kwaya, akalia ndani yake hadi buluu ikakolea.

Matawi yale yalitumika kufagilia ua.

*

Mvua ziliponyesha, kampuni ilikufa. Patron aliuza skrini, akauza gari ambalo fundi aliliaga kwa jina, akarudi kwenye vitenge. Kabla skrini haijachukuliwa, nilizima minara mwenyewe. Wa Sakania niliuacha wa mwisho. Skrini ilipokuwa yote kijivu, simu ya kimya ililia Kamalondo mara kwa mara, na mama mkubwa, aliyejua, hakumpigia mtu. Ila jioni bip zikaja kama kawaida: Kipushi, Likasi, Kasumbalesa, Sakania. Hakukuwa tena na mnara wa kulinda. Wao walibipu tu.

Kijana alituma neno kupitia watu wa treni, walewale waliompelekea namba na habari ya kilio. Angerudi mvua zikiisha, na mke na watoto wawili. Hakuwa amefanikiwa huko, ndiyo maana alinyamaza. Aliona haya kurudi mikono mitupu. Mjomba, ambaye sasa alikuwa shabiki wake mkubwa kuliko wote, alipaka chumba chokaa nami nikiwa ndani. Mama mkubwa alisema atashona pazia, tukigawane. Nilisema hapana. Nilikuwa nimeletwa kuchunga, na mwenyewe anakuja. Tena, nikisema kweli, nilikuwa nimeanza kusikia pengine pananiita.

Niliondoka asubuhi ya jua, kwa treni ya Sakania. Nilifagia chumba, nikaacha shati msumarini. Stesheni walikuja mama mkubwa na fundi. Mama mkubwa alikuwa amebeba sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, zimefungwa kwa kitambaa cha buluu kilichobaki.

"Na sahani nitazirudisha namna gani, Mama?"

"Sahani haiko yako. Unaichunga tu."

Fundi alikipigapiga kichwa cha treni ubavuni, akakisihi kisitutie aibu. Nikapanda. Hatukusema maneno mengine, maana yote yaliyobaki yalikuwa ya kuliza. Treni ilipoanza kujikokota nilitoa simu dirishani, nikabonyeza namba niliyoijua kuliko yangu. Nilimwona pale jukwaani, mdogo, sindano zinametameta kwenye kola. Alifungua fundo la kitenge, akaitoa simu, akaitazama ikilia.

Hakuipokea. Nilikata, naye akairudisha kwenye fundo, akalifunga vizuri.